Mbegu ya Kipriani na Kifua cha Mtoto

Kesho Ininahazwe angerudi Murungu kutoka hospitali, Kibondo, na mtoto wake mgongoni, na nyumba ya kurudi ilikuwa hii hii moja, ambayo moshi wake haukuwa na pa kutokea ila mlangoni. Muuguzi alimwambia Theodosia, mama mkwe wa Ininahazwe, bila kuzunguka: kifua kile cha mtoto hakitaki moshi tena. Safari nyingine huenda wasiwahi.

Theodosia hakuwa mtu wa kusahau. Mwaka sabini na nne, walipohamishwa kwa amri na kupangwa kwa mistari, mkubwa mmoja aliwaambia wajenge upesi, madirisha watatoboa baadaye. Baadaye hiyo sasa ilikuwa na miaka ishirini. Mkubwa alikwenda zake. Wanawake wakabaki wakikohoa, na kila semina wakiambiwa wanaugua kwa uchafu wao.

"Leo natoboa ukuta," alimwambia mumewe, Kipriani, aliyekuwa uani akisuka kamba.

"Na mbegu yangu je, Mama Nestori? Moshi ukitoka, dumuzi anaingia. Umesahau tulivyozunguka Kumsenga nzima tukiomba mbegu?"

Hakusahau. Mahindi yalining'inia juu ya moto, meusi kama makaa, na hakuna mdudu aliyeyagusa. Mzee hakuwa mjinga. Ila moshi ule alikuwa akiusifia akiwa uani.

"Basi njoo ukae na mbegu yako. Maharage yako motoni. Kaa mpaka yaive."

"Mwanamume mzima, jikoni?"

"Mjukuu wako naye ni mwanamume. Mbona yeye anakaa?"

Kipriani akacheka, akaingia, akajibwaga kigodani. Theodosia akasogeza kuni zilezile za kila siku, zenye unyevu wa masika, akaendelea kuchambua mchicha.

"Yameiva?"

"Hata kuchemka bado, Baba Nestori."

Akakohoa. Akafuta macho kwa mkono wa shati. Akakohoa tena, safari hii akiwa ameinama mpaka magotini.

"Mbona wewe hukohoi?"

"Nakohoa kila siku. Wewe huwa uko nje."

Kipriani alikaa kidogo zaidi, kwa ubishi tu, kisha akainuka akipapasa ukuta, akaangua mahindi kutoka darini, tita baada ya tita, akayatoa uani.

"Tutayapukuchua," Theodosia alisema akimfuata, "tuyachanganye na majivu, tuyafunge mtungini."

"Na dumuzi akiyala?"

"Tutaomba tena. Mbegu huombwa, mzee."

Kipriani alisimama akiyatazama mahindi yake. Kisha akachukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba.

Theodosia alirudi ndani kufunika maharage. Tayari bonge la udongo lilikuwa limetumbukia chunguni. Alimtukana kwa Kiha, taratibu, huku akilitoa kwa mwiko. Jembe likagonga mara nyingine, fito zikakatika, mwanga ukaingia, na tunduni ukatokea uso wa mumewe, umejaa vumbi.

"Panatosha?"

Theodosia akautazama moshi. Ulikuwa unapinda kuelekea tundu, lakini nusu yake ikirudi.

"Ongeza," alisema.