Keki ya Wazazi

Auleria alikata kichuguu cha keki ya chini kwa kisu cha mkate, akapaka jemu ya nanasi, akabandika keki ya pili juu yake. Jemu ilikuwa nyepesi mno. Keki ikateleza kuelekea upande wa Bisibo, kijiji cha ukweni kwake, na jemu iliyochuruzika ikawa udongo mwekundu.

Aliufahamu. Ulikuwa wa shamba la migomba alilonyang'anywa na shemeji yake, Jovitus. Akaukwangulia wote kwenye sufuria, akapaka jemu nyingine. Nayo ikawa udongo.

Shamba lile lilimponyoka kwa neno moja. Baada ya kumzika mumewe, Novatus, palepale migombani, alisimama mbele ya kikao cha ukoo akasema, "Ninachotaka ni mahari pangu," kwa ulimi wa kwao Ngara. Jovitus akadakia: "Mmesikia? Anataka mahari. Anataka kuolewa tena!" Wazee, walioshiba pombe ya rubisi ya Jovitus, hawakuisikia ile "pangu".

Na sasa Jovitus huyohuyo anamwoza mwanawe, na amemfuata Auleria hadi Lusahunga alikohamia, bila haya: "Shemeji, tupikie keki. Ghorofa tatu."

Auleria akaacha kukwangua. Akazungushia kila keki ukuta wa krimu nzito, akashindilia udongo katikati, akachomeka vijiti vya mishikaki. Ghorofa ikasimama wima. Keki ndogo ya juu ilitoa udongo mweusi wenye chembe za saruji. Huo ulikuwa wa kaburini.

"Tulia hapo, Novatus," akasema. Roho yake ikaburudika. Akaitenga hiyo iwe keki ya wazazi.

Harusini watu walikula. Mzee Projestus, aliyeongoza kikao kile, alitafuna taratibu. "Huu ni wa kwa Novatus," akasema. "Mahari pa huyu mama."

Safari hii wote walimwelewa. Wakaomba soda.

Bibi harusi akamlisha Jovitus kipande cha keki ya wazazi. Akameza, akaomba kingine. Auleria alimtazama anavyommeza nduguye, akapiga vigelegele kuliko wanawake wote.

Jioni Jovitus alimjia na mfuko wa sandarusi. "Shemeji, udongo uliobaki kwenye sufuria nipe. Ni wa shamba langu."

Auleria akaukomba wote, akampa.

"Keki ilikuwa nzuri," Jovitus akasema, akijishika tumbo, "ila nasikia uzito hapa."

"Ni Novatus huyo."

"Haya," akajibu Jovitus, akabeba mfuko wake akaenda shambani kwake.