Kanali Bila "Wangu"

Sajenti Toribio Condarco alijua mambo yameharibika pale alipomsikia Luteni Kanali Barrenechea akimjibu mkuu wa divisheni kwenye simu, "Sikiliza, Jenerali." Jenerali kavu. Bila "wangu".

Katika jeshi lile la nyanda za juu za Bolivia, neno hilo si pambo. Mdogo humwita mkubwa "kanali wangu", "jenerali wangu". Mkubwa humwita mdogo "sajenti", basi. Kuruta akilisahau atazungushwa uwanja wa gwaride mpaka atapike. Na ofisa mzima akimnyima jenerali wake neno hilo, maana yake hunitawali tena. Toribio, aliyekuwa mtu wa mitambo ya simu ya brigedi tangu ujana wake, alielewa pale pale. Mapinduzi, Mama Bikira. Na kikombe chake cha api, uji mwepesi wa mahindi, kilikuwa bado kinafuka mvuke mezani.

Kamanda wa brigedi, Kanali Urioste, alikuwa ameitwa mji mkuu. Kamanda akiondoka, kiti hukaliwa na mtu wa pili, naye ndiye huyu Barrenechea, tena kihalali kabisa. Vikosi vitatu vya askari wa miguu, watu wa mizinga, wahandisi, wote husikiliza kiti. Lakini kiti chenyewe ni cha kuazima. Urioste akirudi na kuzungumza na makamanda wa vikosi, Barrenechea hana brigedi, ana kofia tu. Kwa hiyo ilibidi Urioste asizungumze na mtu. Kupitia dirishani Toribio aliwaona askari wakitega bunduki kubwa nyuma ya mapipa ya mafuta, kando ya kiwanja cha ndege.

Na Urioste alikuwa kompadre wake. Ndiye aliyemsimamia binti wa Toribio ubatizo, akala na kucheza nyumbani kwake mpaka kofia ikapotea.

Taa ya laini ya mji mkuu ikawaka mitamboni. Barrenechea akavuta kiti, bastola mapajani. Kisikilizio kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa sikioni mwa Toribio.

"Ni yeye huyo," Barrenechea alisema. "Sauti yako anaiamini. Mwambie huku shwari, ashuke nyumbani. Ukijitia kukohoa, Condarco, mkeo atavaa nyeusi."

"Ndiyo, kanali wangu."

Tusidanganyane, Toribio aliogopa. Mate yalimkauka kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu. Akaunganisha simu.

"Kompadre," sauti ya Urioste ilisema, "huku kuna minong'ono siipendi. Ndege iko tayari. Nishuke hapo?"

Toribio akafumba macho.

"Huku shwari, Kanali. Kiwanja kiko wazi, Kanali. Tunakusubiri."

Barrenechea akacheka, akampiga kofi la begani. "Umeshamvua 'wangu'! Mjanja wewe. Umejua mapema pa kuegemea."

Waya ulivuma tu. Toribio akaanza kujilaani moyoni. Je, kama kanali ana haraka, hata hakusikia? Atashuka, na bunduki zile zitamchana kabla hajafika ngazi ya mwisho. Au amesikia, na sasa anaamini kompadre wake amemuuza. Basi akishinda, wa kwanza kusimamishwa ukutani ni Condarco. Jasho likamtiririka mgongoni, na asubuhi ile maji yalikuwa yameganda bombani.

"Nimekuelewa," Urioste alisema mwishowe, taratibu sana. "Nitashuka kwa Kikosi cha Pili. Toka humo ukiweza, sajenti wangu."

Simu ikakatika. Miaka yote ya jeshi, hakuna mkubwa aliyewahi kumwita hivyo. Akainamia mitambo ili uso wake usionekane.

"Anasemaje?"

"Anakuja, kanali wangu."

"Vizuri." Barrenechea akainuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni, kisha akaja kusimama dirishani. "Kunywa api yako. Utakaa hapa na mimi mpaka ashuke."

Toribio akashika kikombe kwa mikono miwili. Wakaitazama anga pamoja, mmoja akiingoja ndege, mwingine akijua haiji.