Kadi ya Hamisa Haivuki Ukuta

Bi Tabu alikuwa na imani yake kuhusu kompyuta: yenyewe haikosei, anayekosea ni mtu. Kwa hiyo kadi ya harusi ya binti yake ilipogoma kuvuka kutoka nyumba ya nyuma kuja nyumba ya mbele, hakuilaumu mashine hata kidogo. Alimlaumu Naima, mke mwenzake.

"Kaificha huyo," alimwambia mumewe. "Roho imemuuma kwa kuwa anayeolewa ni mwanangu."

"Labda ni ile elfu mbili imewahi kufika," alijibu Mzee Mbwana, macho kwenye gazeti. Ilikuwa katikati ya mwaka wa tisini na tisa, na magazeti yalikuwa yakiwatisha watu kwamba mwaka elfu mbili ukiingia tu, kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa. Mzee Mbwana aliupenda sana uvumi huo, maana haukuwa na jina la mkewe yeyote ndani yake.

Na tuseme ukweli, aibu iliyokuwa ikimnyemelea Bi Tabu haikuwa ndogo. Nusu ya Tandika ilikuwa imeolewa kwa kadi zilizotoka barazani kwake. Harusi ya Hamisa, binti yake wa pekee, ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa ameshika kadi mkononi. Mchapa kadi wa mtaa mzima amwoze mwanawe kwa kualika kwa mdomo! Wangemcheka mpaka Kipawa.

Kazi hiyo ya kadi ilianza Mzee Mbwana alipopunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake alikigeuza kompyuta, printa na mashine ya kukatia karatasi, akavigawa kwa wake zake wawili kama anavyogawa zamu zake, bila kupunja upande. Bi Tabu, bi mkubwa, mwenye nyumba ya mbele inayotazama barabara, alipewa kupokea wateja na kuchapa. Naima, bi mdogo, aliyewahi kusoma kozi ya kompyuta mjini, alipewa kuchora kadi katika nyumba ya nyuma. Katikati palikuwa na ukuta wa matofali na ujia mwembamba.

Wanawake hao hawakuwa wakigombana, la hasha. Walisalimiana vizuri juu ya ukuta, wakapelekeana sahani za pilau siku za sikukuu, na hakuna aliyewahi kukanyaga kizingiti cha mwenzake. Aliyepita huku na huku alikuwa Hamisa peke yake, ambaye tangu utoto alikula mchana kwa mama mmoja na jioni kwa mwingine, akanawiri.

Hata kompyuta zilipotakiwa kuunganishwa, kila mmoja alikataa kuchanganywa.

"Waya mmoja? Ili kila ninachoandika akione?" alisema Bi Tabu. Upande wa pili Naima alisema hivyo hivyo, karibu neno kwa neno.

Ndipo fundi wao, Marietha, binti wa watu wa Masasi aliyekuwa akikaa Mbagala, alipowatengenezea mitandao miwili, kila nyumba na wake, na katikati, kwenye ujia, akaweka ruta. Ilikuwa kompyuta kuukuu isiyo na skrini, imefungiwa kwenye sanduku la mbao isije ikalowa mvua, na waya mmoja ukienda kila nyumba.

"Huu ndio mlango wa kati," aliwaeleza. "Anayetaka kitu cha mwenzake anapitia hapa, na anachukua kile tu alichowekewa."

Wote wawili waliipenda ruta. Kwa maoni yao ilikuwa na adabu kuliko watu wengi wa mtaa ule. Mambo yakaenda vizuri, kadi za wateja zikavuka bila matata, mpaka pale Naima alipotangaza kwamba kadi ya Hamisa iko tayari. Hapo njia ikaziba. Walijaribu disketi, lakini Naima alikuwa ametia picha kubwa ya maua, na faili halikuenea.

Marietha aliitwa. Alifika asubuhi na mkoba wake wa bisibisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hebu niangalizie huyu mwenzangu kanifungia nini."

"Tuanze na waya kwanza mama, watu baadaye."

"Waya hauna kosa! Tazama mwenyewe." Bi Tabu alimwonyesha kile kidirisha cha kwenye skrini kinachoorodhesha kompyuta za jirani. "Ziko zangu tupu. Ya kwake haimo. Kaiondoa!"

"Hapo haijawahi kuwemo mama. Hapo zinaonekana za nyumba hii tu, zile zinazosikiana zikiitana. Kelele hizo hazivuki ruta. Ya kule tunaifuata kwa namba yake."

Bi Tabu alisikitika kidogo kupoteza ushahidi mzuri namna ile. Alivuta kigoda akakaa karibu, asipitwe na kitu.

Marietha alikagua waya, akatazama kitaa cha kijani nyuma ya kompyuta, akafungua dirisha jeusi kwenye skrini akaandika namba. Akaiita ruta. Ikaitika. Akaiita kwa mlango wake wa pili, ule unaoelekea kwa Naima. Ikaitika pia. Kisha akaiita kompyuta ya Naima.

Kimya.

"Umeona!" alisema Bi Tabu, kwa furaha ambayo haikumstahili mama wa bibi harusi. "Si nilisema mie?"

Marietha alichukua mkoba, akapita kwenye ujia akaingia nyumba ya nyuma. Bi Tabu hakumfuata, kwa sababu hakuwa mtu wa kwenda kule. Lakini kusikiliza si kwenda. Alisogeza boksi la karatasi mpaka ukutani, akapanda juu yake, akatega sikio.

"Zangu zote mbili zinaonana vizuri tu," Naima alikuwa akisema. "Ugonjwa uko kwake huko."

Ikasikika sauti ya vidole kwenye kibodi.

"Mbona hii hata ruta haioni?" aliuliza Marietha. Vidole tena. "Mama Naima, kompyuta hizi nilizipa namba za mtandao wa pili. Sasa naona zote ziko mtandao wa kwanza. Nani kazibadili?"

Jibu lilitoka kwa mnong'ono. Bi Tabu alijinyoosha mpaka kisigino kikaacha boksi, wapi. Mtu anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia deni, lakini mnong'ono uliomhusu ng'ambo ya ukuta ulimshinda Bi Tabu. Alishuka, akajifunga kanga vizuri, akapita kwenye ujia, na kwa mara ya kwanza tangu Naima aolewe, akasimama mlangoni kwake.

"Hodi!"

"Ka... karibu, dada," alisema Naima.

Bi Tabu aliingia. Marietha alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, na Naima amesimama nyuma yake, uso umemshuka.

"Haya, na mie nisikie. Nani kabadili?"

"Mie," alisema Naima. Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Nilimuona Marietha akiandika kwenye lile sanduku: nyumba ya mbele moja, nyumba ya nyuma mbili. Nikasema, hata kwenye kompyuta? Kwenye salamu mie wa pili, kwenye sherehe mie wa pili, sasa na mashine nazo zinijue kuwa wa pili? Mara ya kwanza nikanyamaza. Juzi likanikaba, nikazigeuza zote moja. Nilidhani tutakuwa sawa tu, basi. Sikujua kama kadi ya mtoto itakwama, wallahi."

"Hapo ndipo penye kisa," alisema Marietha. "Kompyuta za huku sasa zinaamini ya Mama Tabu iko humu humu ndani. Zikiitaka zinaitafuta humu chumbani, mlangoni haziendi kabisa. Na ya kule ikiita, ruta inatafuta nyumba namba mbili, haipo. Mkilingana namba hamwezi kutembeleana mama zangu. Lazima kila kompyuta ijue kuwa mwenzake ana nyumba yake."

Bi Tabu alikuwa amekuja na hotuba. Ilikuwa ndefu, imepikwa tangu kadi ilipokwama, na ilianza na neno "hasidi". Aliifungulia mdomo, akamtazama Naima, halafu akakumbuka jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile sanduku lilipowekwa, na yeye aliiona ile moja. Aliiona, ikampendeza, akashinda kutwa nzima akitembea kifua mbele kwa ajili ya namba iliyoandikwa kwa chaki. Sasa angemsema vipi mwenzake?

Hotuba ikageuka kicheko. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mpe moja," alimwambia Marietha, akijifuta macho. "Mie ukubwa nilipewa na kadhi, sikupewa na waya. Mpe moja, mie niandike mbili, kadi ya mwanangu ivuke."

Kutoa ni moyo, wahenga walisema, ila hawakusema ufanyeje na mpokeaji mwenye moyo kama wako.

"Hapana dada, sitaki. Moja ni yako."

"Nimesema chukua."

"Sichukui! Nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Naima, mie mkubwa wako, nakuamuru uwe wa kwanza!"

Yakawa mabishano mapya, safari hii kila mmoja akigombea kuwa wa pili, na kwa sauti ileile. Mzee Mbwana, aliyesikia kelele kutoka barazani, alikunja gazeti lake akaondoka kwenda kunywa kahawa mbali.

"Mama zangu!" Marietha aliinua bisibisi juu. "Ruta haijui ndoa. Namba yoyote itafaa, mradi zisilingane. Naweka saba na nane. Mama Naima, saba, utatangulia kwenye kuhesabu. Mama Tabu, nane, wewe namba kubwa. Kuna mwenye neno?"

Wake wenza wakatazamana. Kila mmoja aliipima namba yake kimoyomoyo, akaiona haina kasoro.

"Saba nzuri," alisema Naima.

"Nane nayo si haba," alisema Bi Tabu.

Marietha alibadili za nyuma, akabadili za ruta, akaja akabadili za mbele, na kila alipobadili, kompyuta ilidai kuzimwa na kuwashwa upya. Mwishowe akaita tena, na safari hii kompyuta ya Naima ikaitika. Bi Tabu, aliyekwisha kurudi kwake, akafungua faili kwa mkono wake mwenyewe.

Kadi ilijichora taratibu kuanzia juu. Yakaja maua kwanza, mazuri kuliko yote aliyowahi kuyachapa, kisha maandishi: Bw. Mbwana Sadallah na Bi. Tabu wana furaha kukualika katika harusi ya binti yao mpendwa, Hamisa.

Alisoma mara ya kwanza kwa kujivuna. Alisoma mara ya pili akitafuta kitu, na hakukiona. Jina la Naima halikuwemo juu wala chini. Mwanamke aliyekataa kuwa wa pili kwenye kompyuta alikuwa amejiondoa mwenyewe kabisa kwenye kadi, wala hakuambiwa na mtu. Nusu ya malezi ya Hamisa ilifanyika ng'ambo ya ukuta ule, na mlezi alimwachia mwenzake mtoto mzima. Bi Tabu aliona haya, tena haya ya kweli, yale yanayochoma masikio.

Alisogeza kibodi akaanza kuandika. Alipotaka kuhifadhi, kompyuta ikamkatalia.

"Amekuwekea kusoma tu mama," alisema Marietha. "Kuandika mpaka akuruhusu yeye huko kwake."

Bi Tabu aligeukia dirisha. "Naima! Nifungulie niandike!"

"Kuna kosa dada?"

"Lipo, tena kubwa! Fungua!"

Naima akafungua. Bi Tabu akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi: Bw. Mbwana Sadallah na mama zake Hamisa, Bi. Tabu na Bi. Naima. Akahifadhi. Safari hii ikakubali.

"Haya, litazame hilo faili sasa!" alipaza sauti, akaamuru printa itoe kadi ya kwanza.

Printa ilikoroma, ikasukuma kadi nje. Kisha hatua za haraka zikasikika kwenye ujia, na Naima akaingia nyumba ya mbele bila hodi, akaenda moja kwa moja kwenye printa, akainamia kadi, ncha ya kanga machoni.

"We!" alisema Bi Tabu, akimvuta mkono. "Lilia pembeni huko. Wino bado mbichi."