Beda Aukimbia Ukubwa

Jumapili, tarehe 27 Aprili. Asubuhi hiyo ilinyesha mvua iliyochanganyika na theluji, na ukungu uliimeza milima yote, hata mnara wa kanisa la kijiji cha Hinterbühl ukaonekana nusu.

Ndani ya kanisa Beda Inauen, mfugaji wa ng'ombe kumi na wanane, alisali mpaka magoti yakamuuma. Aliomba jambo moja tu: asichaguliwe kuwa mkuu wa kijiji. Kwa miaka thelathini, kila kiangazi, alipanda na ng'ombe wake hadi malisho ya juu, akatengeneza jibini, asionane na mtu mpaka Septemba. Mkuu wa kijiji hana kiangazi. Ana vikao kila Jumanne. Tatizo ni kwamba kanisa zima lilikuwa likiomba dua hiyohiyo, na Mungu hawezi kumwepusha kila mtu.

Maana Hinterbühl hakuna mfalme, wala chama, wala mgombea. Watu husimama uwanjani, jina hutajwa, mikono huinuliwa, na aliyechaguliwa haruhusiwi kukataa. Kwingine watu hupinduana ili watawale. Hapa hujificha. Ukubwa ni jaa, na kila mtu hapa anajua harufu yake.

Lakini Beda alikuwa amejiandaa. Mfukoni alikuwa na fomu ya kuhama. Shemeji yake, aliyeishi ng'ambo ya kijito katika jimbo jingine, alikwisha kumpa kitanda. Asiye mkazi hachaguliwi.

Baada ya Misa wote wakakusanyika uwanjani. Karani, Walburga Dörig, akapanda jukwaani na kuuliza majina.

"Beda Inauen!" akapaza sauti Köbi Manser, jirani yake, mjumbe wa halmashauri.

"Wewe Köbi, huna haya!"

"Afadhali wewe kuliko mimi, ndugu yangu."

Beda akakimbilia jukwaani akipepea fomu. "Mimi nimehama! Tangu asubuhi hii mimi ni mtu wa ng'ambo!"

Walburga akavaa miwani, akasoma taratibu. "Haina saini."

"Saini ya nani?"

"Ya mkuu wa kijiji."

"Basi asaini! Yuko wapi?"

Watu wakageuka. Mzee Remigius, ambaye muda wake wa ukuu ulikuwa umeisha dakika tano zilizopita, alikuwa pembeni chini ya mwavuli akitafuna soseji. "Msinitazame mimi!" akasema mdomo ukiwa umejaa. "Mimi sasa ni raia huru!"

"Atakusainia tutakayemchagua," Walburga akasema. "Wanaomtaka Beda, mikono juu!"

Uwanja mzima ukaota mikono. Kreszenz, mke wa Beda, aliinua yote miwili.

"Mkono mmoja, mama," karani akamwonya.

"Wa pili ni wa mama yangu, anaumwa mguu."

"Kreszenz!" Beda akalia. "Hata wewe?"

"Hata mimi, baba watoto. Miaka thelathini kila kiangazi nalala peke yangu kama mjane. Ng'ombe wanakufahamu kuliko mimi."

Uwanja ukacheka. Beda hakucheka. Ghafla macho yakamng'aa. "Kwa hiyo mimi ndiye mkuu? Nipe kalamu, nijisainie mwenyewe!"

"Kiapo kwanza," Walburga akajibu. "Na kwenye kiapo unaahidi kutohama."

Kelele zikafifia. Beda akatazama juu, mahali palipokuwa na mlima, akaona ukungu mtupu. Midomo ikamchezacheza kama mtu anayesali.

"Mahali pa vikao hupangwa na nani?" akauliza.

"Na mkuu."

"Peke yake?"

Walburga akapekua kitabu cha sheria. "Peke yake."

Köbi akaacha kucheka.

Beda akavua kofia, akainua vidole vitatu kama ilivyo desturi, na mvua ikimtiririka shingoni akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa Remigius:

"Naapa mbele ya Mungu na mbele yenu nyote: nitakitumikia kijiji hiki, na sitahama. Na naapa kwamba kuanzia Juni hadi Septemba vikao vyote vitafanyika kwangu malishoni, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na Köbi Manser ndiye atakayebeba makabrasha. Na wewe, Kreszenz, ukikubali kupanda nami, naapa kile kitanda cha huko juu nitakipanua kwa mikono yangu mwenyewe, kabla ng'ombe wa kwanza hajakamuliwa."