Bakuli la Korosho

Kaka yangu Leonadi alirudi kijijini kwetu Kilangala mwaka 1973 kutoka masomoni Marekani, na begi la karatasi zilizojaa mabano. Ilikuwa lugha ya kuamrisha kompyuta, inaitwa Lisp, nayo ina lahaja zake. Mwalimu wake alimtaka achague moja kati ya mbili, aandike programu na kuituma kwa posta. Leonadi, mgumu wa kuamua tangu utotoni, akaiandika kwa zote mbili.

Mhakiki wake nilikuwa mimi. Kiingereza sijui, lakini mabano nayaona. Bano likifunguka, natia korosho bakulini. Likifungwa, natoa moja. Mwisho bakuli libaki tupu. Lahaja ya kwanza ilikwenda hivyo, na niliipenda. Ya pili ilikuwa na ujanja: bano moja la mraba lilifunga yote yaliyo wazi, nami nikalazimika kumimina bakuli zima.

“Chagua ya kwanza,” nilimwambia kila siku. “Hii nyingine ni ya wavivu.”

Akacheka tu.

Siku zile, kwa sababu ya vita vya Msumbiji, kila mtu aliogopa majasusi wa Wareno. Asubuhi moja Leonadi akiwa shambani, nikamwona Mzee Bakary, kiongozi wa mgambo, anakuja na vijana wanne. Maandishi yasiyosomeka, tena nakala mbili! Wangeuliza ya pili ni ya nani. Nikakamata iliyokuwa karibu na jiko, nikaisukumia motoni bila hata kuitazama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Kaka yako aitwe.”

Walimleta wamemshika mikono. Mzee Bakary alipekua karatasi zilizobaki, jasho likimtoka, naye aliogopa.

“Si siri, mzee,” Leonadi alisema. “Stefania huzihesabu kwa korosho. Bakuli likiisha tupu, kazi ni safi.”

“Haya, ahesabu. Likibaki na kitu, utakwenda nasi Lindi.”

Nilihesabu. Bakulini zilikuwamo korosho kumi na moja nilipofika mwisho wa karatasi, nikakuta bano moja tu. La mraba. Kumbe niliyoichoma ni ile ya kwanza. Nikazimwaga zote chini.

“Umemwaga!” mgambo mmoja akafoka.

“Hili linafunga yote, wallahi si uongo.”

“Mwanangu,” Mzee Bakary akasema taratibu, “korosho kumi na moja kwa alama moja?”

Hata mimi nisingeamini. Leonadi peke yake ndiye aliyetabasamu.

“Mzee, ipo nakala nyingine. Ile hufungwa moja moja, utaona kwa macho yako. Stefania, ilete.”

Sikuinuka. Nilitazama jikoni, wote wakatazama nilikotazama.

“Nimeichoma,” nikasema.

“Kama haina siri,” Mzee Bakary akauliza, “umeichoma kwa nini?”

Leonadi alinitazama mara moja, kisha akanyoosha mikono yake mwenyewe wamfunge.