Pumzi Nyuma ya Mbao

"Hili ni gauni au gunia, jirani? Mkono umeushona hadi ukaziba! Kiganja nikitolee wapi, shingoni?"

"Punguza sauti, Redio. Wateja watasikia."

"Wateja gani tena? Si walishakimbia!"

Ukweli ulimchoma fundi kuliko sindano. Siku hizi alikuwa akisinzia na mguu ukiwa kwenye pedali ya cherehani. Aliamka kichwa kizito, mwili kama umetwangwa. Vidonge vya kuongeza damu alivimeza, wapi! Kwa kuwa alikuwa mwembamba kama uzi na hakoromi, hakuna aliyeshuku usingizi wake; watu wakauita uchovu huo uvivu. Naye mjane, cherehani ndiyo iliyomlisha. Ikimshinda, atakula nini?

Redio, ambaye habari zote za mtaa zilipita kwake kwanza, hakuwa amemaliza.

"Na usiku hunipi raha. Bora ungekoroma nijue moja! Unavuta pumzi kwa shida kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija. Mara kimya. Mara unashtuka, hhah! kitanda kinalia. Mie huku ng'ambo ya ukuta wetu wa mbao nimebana pumzi nakungoja!"

Fundi akaweka mkasi chini. "Kila usiku?"

"Kila usiku. Nilidhani unamlilia marehemu, nikaona haya kuuliza."

"Wewe, uone haya?"

Wakaangua kicheko, ugomvi ukafia hapo.

Kesho yake wakaenda kliniki wote wawili. Daktari alipouliza ni nani humsikia akilala, Redio akaigiza yote, na foleni ikachungulia mlangoni. Daktari hakucheka. Akampa fundi kipimo cha kulala nacho nyumbani, kikiwa kimefungwa kidoleni na kifuani. Majibu yakatoka: njia ya hewa ilikuwa ikibana usingizini. Haikuziba kabisa, ila ilitosha kumgutusha tena na tena bila mwenyewe kujua. Daktari wa meno akamtengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni usiku, cha kusogeza taya la chini mbele.

Mwanzoni mate yalimchuruzika na taya likamuuma. Akavumilia. Hatimaye akaamka siku moja kumekucha, mwili mwepesi, macho hayana usingizi. Akakaa kitandani akimshukuru Mungu, na masikio ya jirani yake pia.

Mlango ukagongwa kwa vishindo.

"Fundi! Uko hai? Mbona kimya kimezidi?"

Akafungua, anacheka. "Nililala tu, dada yangu."

"Umenitia roho juu bure!"

"Basi ishushe. Ingia, tule."