Maji Yaliyobaki Pipani

Asubuhi ile, pale Barani, kondoo wa Bi Tumu waliogeshwa dawa mmoja mmoja ndani ya pipa lililokatwa nusu. Josho liko mbali, na kupe walishawajaa masikioni na chini ya mikia. Sahla, mkaza mwanawe Bi Tumu, alishika miguu. Mavyaa wake akazamisha. Walipomaliza, Sahla alijitwika beseni akaenda zake kuuza mabuyu.

Kurudi adhuhuri, alimkuta bintiye Rufaida ameketi kizingitini, nywele chepechepe, ananuka dawa.

"Mama, mtoto umemfanya nini?"

"Nimemwosha chawa," Bi Tumu alijibu huku akicheka. "Kondoo wang'ara, mjukuu wangu aende madrasa ajikuna? Maji yalibaki pipani, ningeyamwaga bure?"

"Maji ya kupe, mama!"

"Ah, nawe kwa kuogopa! Kondoo wote wazima, hata chafya hawakupiga."

Lakini Rufaida alikuwa akitokwa na mate kama mtoto anayeota meno. Jasho lamtiririka, midomo yamcheza.

"Mama, sikuoni vizuri."

Sahla alimnyakua, akamkumbatia kifuani, akaparamia bodaboda. Njia nzima kile kichwa kibichi kimelala shingoni mwake.

Hospitalini muuguzi, Charity, aliuliza, "Dawa gani hiyo? Yaitwaje?"

Na ninyi mnaopimiwa dawa dukani mkatiliwa kwenye chupa ya soda kama mafuta ya taa, sikieni: Sahla alifunua kinywa, jina hana. Chupa yao haikuwa hata na karatasi.

"Ya kondoo," akasema. "Ukiitia maji yawa kama maziwa."

"Ziko nyingi hizo, dadangu. Na tiba si moja."

Wakamvua mtoto nguo, wakamwosha kwa sabuni, wakamtundikia dripu. Rufaida akanyoosha mkono. "Mama!"

Sahla alirukia kitanda. Charity akamkinga.

"Usimguse! Buibui lako limelowa dawa, nawe imeanza kukushika, mikono yako yatetemeka. Vua kila kitu, ukaoge kwanza."

"Aniita!"

"Namsikia, mama. Nenda."

Mlango ukafungwa. Bafuni Sahla alijisugua shingo hata ikawasha, na kila mara alifunga bomba apate kusikiliza. Mara ya kwanza alisikia aitwa. Mara ya pili pia, lakini sauti ilikuwa chini. Akafunga tena, akabana pumzi, na maji yakaendelea kumchuruzika mwilini. Huko ndani palikuwa kimya.